Akishamuua wa Mwisho, Steringi Aende Wapi?

Picha la kisasi lina kanuni ambazo hata mtoto aliyepenya banda la video bila kulipa anazijua. Familia inauawa dakika za mwanzo. Steringi anapigwa, anaachwa akidhaniwa amekufa, anapona kwa miujiza. Halafu anaanza kuwamaliza mmoja mmoja, vidagaa kwanza, bosi mwisho, na bosi hafi kwa risasi moja kama vijana wake. Lazima afe kifo cha kusimuliwa. Picha likiisha tulitoka nje tukikunja macho kwa jua, tukarushiana mateke njia nzima, na hakuna aliyeuliza swali ambalo siku hizi haliniishi kichwani: kesho yake asubuhi steringi anaamka anafanya nini?

Nazungumzia hasa yale yaliyotoka kwenye vitabu vya katuni: The Punisher, The Crow, Lady Snowblood, Oldboy na ndugu zao. Mapicha yenye risasi nimeyaona mengi, lakini haya ndiyo nayarudia, kwa sababu yana ugomvi ndani yake ambao mengine hayana. Katuni ya Kimarekani hutoka kila mwezi. Mchapishaji anataka itoke mwezi ujao, na mwaka ujao, na mjukuu wako aje aikute dukani. Kwa hiyo kisasi cha kwenye katuni hakitakiwi kuisha. Filamu nayo ina saa mbili; taa zikiwaka watu wanataka waone adui amekufa na deni limelipwa. Mwongozaji anayebeba katuni ya aina hii amebeba mtu asiyeruhusiwa kumaliza kazi yake, na anamtaka aimalize kabla hatujaenda nyumbani. Namna kila mmoja anavyojinasua hapo ndiyo burudani yangu.

Aliyenaswa kuliko wote ni Frank Castle, yaani The Punisher mwenyewe. Alitokea mara ya kwanza kwenye The Amazing Spider-Man toleo namba 129, lenye tarehe ya Februari 1974, na hakutokea kama steringi. Alikuwa adui tu. Gerry Conway, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akiandika Spider-Man, alichora mtu mwenye fuvu dogo kifuani. Mchoraji John Romita Sr. akalichukua fuvu lile akalikuza mpaka likajaa kifua kizima, meno yakashuka hadi mkandani. Jina la Punisher, yaani mtoa adhabu, lilitoka kwa Stan Lee. Na katika hadithi hiyo ya kwanza kabisa Frank yuko mbioni kumuua Spider-Man kwa kosa ambalo Spider-Man hakulitenda. Amedanganywa na jamaa anayeitwa Jackal, naye ameamini. Watu hulisahau hili. Siku ya kwanza kazini, mtoa adhabu wetu alimwinda mtu asiye na hatia.

Chanzo cha hasira zake kililetwa baadaye, mwaka 1975, kwenye Marvel Preview namba 2. Askari amerudi kutoka Vietnam, ametoka na mke na watoto kupunga upepo Central Park, New York. Wanajikuta wameona majambazi wakiua mtu, na majambazi wanaimaliza familia ili pasibaki shahidi. Jarida lake mwenyewe lilisubiri hadi 1986, lakini lilipokuja lilikuja na nduguze: mwanzoni mwa miaka ya tisini Frank alikuwa na majarida matatu yanayotoka kwa wakati mmoja. Fikiria hapo. Familia ilikufa mara moja, mchana mmoja. Waliohusika walishazikwa zamani, na yeye bado anaua kila mwezi, tena mara tatu kwa mwezi. Hicho kisasi kilishaisha. Kilichobaki ni ajira.

Mwandishi aliyelisema hili bila kupepesa ni Garth Ennis, mtu wa Ireland ya Kaskazini. Katika kitabu chake kinachoitwa Born, cha mwaka 2003, anaturudisha kwenye kambi moja ya Vietnam, 1971, familia ikiwa bado hai nyumbani. Frank tayari anasikia sauti ikimuahidi vita isiyo na mwisho, ila itakuwa na gharama yake. Anakubali kabla hajaambiwa gharama ni nini. Ukishakisoma hicho, Central Park inakuwa kitu kingine kabisa, na ule uchungu wa mjane unaanza kunuka kidogo.

Sasa jaribu kutengeneza filamu ya mtu huyo.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mark Goldblatt, mwaka 1989, na Dolph Lundgren ndiye Frank. Walipiga picha Sydney, Australia, wakaifanya ionekane New York, na sijui kwa uchoyo gani wakamnyima fuvu kifuani. Marekani kwenyewe haikupata heshima ya majumba ya sinema. Ilipelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video, na kanda ndizo zilizotufikisha sisi. Bandani kwetu Lundgren tulimwita Mrusi, kwa sababu ya picha lake na Rocky, ingawa ni Mswidi. Frank wake anaishi kwenye mitaro ya maji taka chini ya jiji, anaendesha pikipiki humohumo, na ana uso wa mtu aliyekosa usingizi tangu azaliwe. Ni filamu ya bei rahisi na haijifichi.

Lakini ina dakika za mwisho ambazo bajeti kubwa zilizofuata hazikuzifikia. Frank amemuua Franco, mkuu wa majambazi. Mtoto wa Franco, Tommy, yuko palepale, ameona baba yake akifa, na ana bastola mkononi. Frank hakimbii wala hamnyang'anyi. Anapiga magoti mbele ya mtoto, anaweka paji la uso kwenye mdomo wa bastola na kumwacha aamue. Mtoto anatetemeka, anashindwa, analia. Ndipo Frank anamwambia kwamba yeye ni mtoto mwema, akue awe mtu mwema, kwani akiharibika atamkuta anamsubiri. Mkalimani wetu pale bandani, ambaye hakuwahi kuacha kimya kipite bure, alidakia kwa sauti ya mjumbe wa nyumba kumi: "Usilie mwanangu, baba yako alikuwa jambazi sugu!" Watu wakacheka, mimi nikiwemo. Ila ukiitazama leo bila mkalimani, umeoneshwa kiwanda cha kisasi kikianza zamu mpya. Frank ametengeneza yatima anayefanana naye na amejua hivyo, na kitu pekee alichoweza kumpa ni kitisho.

Filamu ya 2004, ya Jonathan Hensleigh, ndiyo iliyotukanwa zaidi na ndiyo nitakayoitetea mpaka mwisho. Walimhamisha Frank kutoka New York wakampeleka Tampa, Florida, kwenye jua na boti. Mashabiki wakakasirika: mtoa adhabu gani anavaa fuvu pwani? Thomas Jane ni Frank, na John Travolta ni Howard Saint, mfanyabiashara anayesafisha fedha za magendo. Angalia jinsi hadithi inavyoanza. Mtoto wa Saint anakufa kwenye mtego wa polisi ambao Frank, afisa wa FBI, alihusika. Saint anataka Frank auawe. Mkewe, Livia, anasema haitoshi: familia nzima. Wanaifuata hadi Puerto Rico, ukoo mzima wa Castle ukiwa umekusanyika ufukweni, bibi na babu na wajukuu, na hawabakizi mtu. Kwa maneno mengine picha hili lina wafiwa wawili, na aliyelipiza kwanza ni mama aliyefiwa na mwanawe.

Kisha Frank anafanya jambo ambalo steringi wa mapigano hafanyi. Hakimbilii bunduki. Anakaa kwenye nyumba ya kupanga yenye majirani watatu waliochoka na maisha, anakunywa, na anawachunguza akina Saint kama mpelelezi wa ndoa. Anagundua kwamba Livia huenda sinema kila wiki siku moja. Anagundua kwamba Quentin Glass, rafiki na mkono wa kulia wa Saint, ni shoga na anaficha. Frank anatengeneza bomba la zimamoto la bandia, lile la kando ya barabara ambalo huruhusiwi kuegesha gari mbele yake. Livia akiwa ndani ya sinema, Frank analiweka bomba karibu na gari lake. Askari wa usalama barabarani anapita, anaandika faini. Kwa hila kama hizo, kidogo kidogo, gari la Livia linaonekana kuwa mahali ambapo halikuwa na Saint anaanza kuhesabu tarehe. Mwisho wa hesabu anamchoma kisu rafiki yake wa miaka yote, na mkewe anamtupa darajani kwenye reli, treni ikija.

Wapenda risasi walilalamika kwamba jitu zima limezunguka mjini limebeba bomba la bandia. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipokifahamu kisasi vizuri zaidi. Mwenye kisasi cha kweli ana subira ya mchawi. Risasi ni ya mtu mwenye haraka. Frank anataka Saint afiwe kwanza, ajue ladha yake, na ajue kwamba mikono iliyoua ni yake mwenyewe. Ndiyo maana mwishoni, Saint akiwa chini anavuja damu, Frank anachukua muda kumweleza yote kabla ya kummaliza. Kisha yanalipuka magari yote na moto ukiangaliwa kutoka juu una umbo la fuvu, jambo la kipuuzi ambalo nililipigia makofi.

Kuna na ile sehemu ya lambalamba, siwezi kuipita. Frank amemning'iniza miguu juu kijana wa Saint, Micky Duka, ili amtoe siri. Anawasha bomba la moto la kuchomelea vyuma na kumweleza kwa upole kwamba moto wake ni mkali kiasi kwamba mwanzoni hatasikia kuungua, atasikia baridi tu. Halafu, nyuma ya mgongo wake, anaelekeza moto kwenye kipande cha nyama, na lambalamba anaigusisha mgongoni mwa Micky. Micky anasikia baridi, ananusa nyama inaungua, anapiga ukunga, anatapika kila anachokijua. Hajaguswa na cheche. Filamu nzima inatembea hivyo, kwa kumwacha mtu ajiue kwa anachokiamini.

Na baada ya yote? Saint amekufa, orodha imekwisha. Frank anarudi kwenye chumba chake cha kupanga na kuielekeza bastola kichwani mwake mwenyewe. Jibu la uaminifu la swali langu lile la bandani ni hilo, na Hensleigh alikuwa na ujasiri wa kulionesha, hata kama hakuwa na ruhusa ya kuliacha lisimame. Frank anamwona mkewe kama njozi, anashusha bastola, anawaachia majirani fungu la fedha za Saint na kutangaza kwamba sasa ataendelea na wabaya wengine wote. Katuni imemdai mtu wake, filamu imemrudisha.

Hapo katikati ya hao majirani kuna kijana aliyejaa vipini usoni. Vijana wa Saint wanaving'oa kimoja kimoja kwa plaizi wakitaka aseme Frank yuko wapi, naye hasemi. Mtu ambaye mnafahamiana kwa salamu za koridoni tu! Frank anamuuliza sababu, na kijana anamjibu kwamba ni kwa kuwa wao ni familia. Nadhani hilo jibu lilimuuma kuliko plaizi zilivyomuuma mwenzake.

Mwaka 2008 wakabadilisha kila kitu tena. Punisher: War Zone iliongozwa na Lexi Alexander, Mjerumani aliyewahi kuwa bingwa wa karate na mateke, mwanamke aliyepewa filamu ya Marvel, wachapishaji wa Frank, miaka mingi kabla haijawa fasheni. Ray Stevenson, ambaye alifariki 2023, ndiye Frank, na kwangu ndiye anayefanana zaidi na michoro: jitu kimya, lenye shingo nene, lisilo na mzaha. Filamu inaanza kwa karamu ya majambazi. Taa zinazimika, na Frank anaonekana akining'inia miguu juu kwenye taa kubwa ya dari, anazunguka kama pangaboi huku bunduki mbili zikitema. Ilitumia takriban dola milioni 35 na kurudisha takriban milioni 10. Ilizama. Leo ina wafuasi wake wanaoilinda kama siri ya ukoo.

Alexander alilijibu swali kwa njia yake. Katika mapambano yanayofuata karamu ile Frank anampiga risasi mtu aliyedhani ni jambazi, kumbe ni afisa wa FBI aliyejipenyeza kundini. Ana mke, ana binti mdogo. Frank anabeba fedha kwenda kwa mjane na mjane hana shida na fedha. Anataka kuacha kazi. Filamu haimruhusu, maana Jigsaw, adui aliyesagwa uso na mashine ya chupa, anaifuata familia hiyohiyo na lazima mtu aizuie. Lakini kosa limeshatendeka mbele ya macho yetu, na ni kosa lilelile la 1974: umeua, halafu ndipo unauliza marehemu alikuwa nani.

Mtu wa kwetu hawezi kuitazama sehemu hiyo bila kusikia "Mwizi!" Niliwahi kuwepo stendi kelele hiyo ilipopigwa. Kijana mmoja aliangushwa, kiatu kimoja kikabaki mguuni, na mawe yakatoka sijui wapi, kwa sababu stendi ile ilikuwa na lami. Alinusurika kwa kuwa konda mmoja mwenye mwili alimlalia juu. Baadaye simu iliyodaiwa kuibwa ikaita ndani ya mkoba wa mwenyewe. Aliyerusha jiwe la kwanza tulipanda naye gari moja. Aliniomba nisogee akae, kisha akagombana na konda kuhusu chenji. Magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba ni kikundi kilichosajiliwa na kina katibu. Yule jamaa hakuwa na hasira yoyote niliyoiona. Alikuwa na haraka ya kufika mjini.

Turudi kwenye sinema. Thomas Jane hakuweza kumwachia Frank wake. Mwaka 2012 alirudi kwenye filamu fupi ya dakika kama kumi, Dirty Laundry, isiyo rasmi, iliyooneshwa kwenye Comic-Con, mkutano wa wapenda katuni, San Diego. Frank amelala kwenye gari lake. Anaamka, anachukua nguo chafu, anakwenda kufua kwenye mashine za kulipia. Nje genge linamdhalilisha mwanamke na kumpiga mtoto. Frank anaona. Anaendelea kufua. Anavuka barabara kwenda dukani kununua kinywaji, mwenye duka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na hapo ndipo anabadili mawazo, anabeba na chupa ya pombe kali. Yanayofuata sitayaeleza, mna mfupa wa mguu ndani yake. Ila ile nusu ya kwanza, mtu aliyeua mamia akisubiri nguo zimalize kuzunguka, akitamani apitwe na siku moja tu, inamjua Frank kuliko msimu mzima wa mfululizo.

The Crow ilinasuka kwenye mtego kwa ujanja ambao hakuna mwingine aliupata: steringi tayari ni maiti. James O'Barr aliichora baada ya mchumba wake kuuawa na dereva mlevi. Aliingia jeshini, akapelekwa Ujerumani, akaanza kuchora huko, na kitabu kikachapishwa 1989. Ni hadithi ya Detroit, ya kijana na mchumba wake waliouawa na genge, na kijana kurudi mwaka mmoja baadaye na kunguru begani kuja kudai. O'Barr mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kuichora hakukumponya. Alidhani kalamu itatoa sumu, ikawa inaikoroga.

Filamu ikatoka 1994, ikiongozwa na Alex Proyas, na Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, ndiye Eric Draven. Mvua hainyamazi, jiji zima limepakwa makaa. Na hesabu yake imekaa sawa: Eric anamaliza genge, anamfikia Top Dollar, bosi wao, na silaha yake ya mwisho ni maumivu. Amebeba kichwani saa thelathini za mateso ya mchumba wake hospitalini, na anamhamishia Top Dollar zote kwa mpigo mmoja. Halafu anarudi kaburini. Hana kesho asubuhi ya kuhangaika nayo. Katika mapicha yote haya ndiye pekee anayeruhusiwa kumaliza na kupumzika, na sharti lake ni kwamba awe ameshazikwa.

Yaliyotokea wakati wa kuitengeneza yanajulikana, ila husimuliwa kwa chumvi nyingi mno, mara laana, mara majini ya Hong Kong. Ukweli ni mdogo na unaudhi. Wilmington, North Carolina, Machi 1993. Kwa picha ya karibu ya bastola walihitaji risasi zinazoonekana za kweli, wakatumia risasi zilizotolewa baruti lakini kiwashio cha kitakoni kikaachwa. Moja ikafyatuliwa; kiwashio pekee kikawa na nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo. Hakuna aliyeukagua mtutu. Siku nyingine bastola ileile ikajazwa risasi za baruti tupu kwa ajili ya tukio la Eric kuuawa. Brandon akaingia mlangoni amebeba mfuko wa vitu vya dukani, mwenzake akafyatua kama maandishi yalivyotaka, na baruti ikakisukuma kile kilichokwama. Alifariki tarehe 31 Machi, akiwa na miaka 28, wiki chache kabla ya harusi yake. Filamu ilimaliziwa kwa mtu wa kumwakilisha aliyebandikwa uso wake kwa kompyuta. Mmoja wa waliomwakilisha ni Chad Stahelski, ambaye miaka ishirini baadaye alikuja kuongoza John Wick, picha la mtu anayelipiza kisasi cha mbwa.

Kwa hiyo Eric alirudi kaburini, na biashara ikamfukua: filamu ya pili 1996, ya tatu, ya nne, na 2024 wakaanza upya na Bill Skarsgård. Hiyo ya mwisho niliitazama yote. Wana mvua pia.

Wajapani hawakuwa na tatizo hili kwa kiasi hicho, kwa kuwa katuni zao nyingi huwa na mwisho. Lady Snowblood ya Kazuo Koike na mchoraji Kazuo Kamimura ilitoka 1972 hadi 1973, na filamu ya Toshiya Fujita ikafuata 1973 hiyohiyo, Meiko Kaji akiwa Yuki. Yuki amezaliwa gerezani. Mama yake alibeba mimba kwa makusudi apate mtoto wa kumalizia kisasi ambacho yeye alishindwa kukimaliza, kisha akafa. Msichana huyu hajafiwa na mtu aliyemjua. Deni amelikuta mezani kama mtoto anayekuta baba ameacha mkopo. Anawaua wahusika mmoja baada ya mwingine kwa upanga uliofichwa ndani ya mpini wa mwavuli, bila furaha, kama anafagia. Mmoja wao ni mlevi mchovu mwenye binti anayemlisha kwa kazi ya aibu. Yuki anamuua huyo baba, anaendelea na safari. Mwishoni, bosi akiwa ameshakufa, binti yule anajitokeza na kisu na kumchoma Yuki kwenye theluji. Ni Tommy wa 1989, ila huyu hakushindwa. (Mwaka uliofuata wakatoa filamu ya pili, Yuki mzima wa afya. Nilisema kwa kiasi.)

Oldboy sitawaharibia uhondo. Ilitoka kwenye manga, yaani katuni ya Kijapani, ya Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi, na Park Chan-wook wa Korea Kusini akaigeuza filamu 2003. Mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya pili kwa ukubwa Cannes. Mtu amefungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa, ameachiwa, anatafuta aliyemfungia. Wote wanakumbuka ile korido na nyundo, jinsi Choi Min-sik anavyopigana na kundi zima kwa mkupuo mmoja bila kamera kukatwa, anachoka, anaegemea ukuta, anahema, anaendelea. Mimi nakumbuka zaidi adui. Kwa sababu ukiitazama vizuri, mwenye kisasi kikubwa humo ni adui, na kisasi chake kinafanikiwa chote, bila upungufu hata mmoja. Ameshinda. Anajiuliza kwa sauti sasa ataishi kwa furaha gani, anaingia kwenye lifti, na kabla milango haijafunguka chini amejipiga risasi. Hakuna njozi ya mke iliyomjia.

Na Frank? Ennis alimwandikia mwisho, mara moja, nje ya hesabu ya kila mwezi, kwenye kitabu cha 2004 kilichochorwa na Richard Corben. Dunia imeungua kwa vita ya nyuklia. Frank, mzee, anatoka gerezani na kutembea kwenye mionzi inayomla mwili, kutafuta handaki walikojificha vigogo walioisababisha. Anawakuta. Wanamweleza kwamba wao ndio mbegu ya mwisho ya binadamu, akiwaua hakuna tena watu. Anawaua. Hiyo ndiyo orodha ya Frank Castle ikiachwa ifike mwisho wake.

Marvel wanajua kwamba fuvu limewatoka mkononi. Mdunguaji wa jeshi la Marekani, Chris Kyle, aliandika kwenye kitabu chake kwamba kikosi chake kililichora fuvu la Punisher kwenye magari na mavazi yao Iraq. Kutoka jeshini likaenda kwa polisi wa Marekani, likabandikwa kwenye magari ya doria, na tarehe 6 Januari 2021 lilionekana kwenye nguo za waliovamia bunge la Washington. Mtu anayevaa alama ya mhalifu aliyekata tamaa na mahakama, na mtu huyo ndiye mtumishi wa mahakama! Conway amelipinga jambo hili kwa miaka. Mwaka 2020 alianzisha mauzo ya fulana zenye fuvu lililochorwa upya, fedha ziende kwa Black Lives Matter, harakati za kupinga ukatili wa polisi kwa watu weusi. Kwenye The Punisher toleo la 13, la mwaka 2019, maaskari wawili wanamwonesha Frank stika yake kwenye gari lao, wakitaka kupiga naye picha. Anaichana, anawaambia wao walikula kiapo, yeye alikiacha; wakitaka mtu wa kumuiga wamfuate Captain America, shujaa mwadilifu wa katuni hizohizo. Mwaka 2022 wakalibadilisha fuvu lenyewe kwenye katuni.

Halafu 2025 Jon Bernthal, Frank wa televisheni tangu 2016, akarudi kwenye mfululizo wa Daredevil: Born Again, na safari hii maaskari waliojichora fuvu lake wamo ndani ya hadithi. Wanaua kwa jina lake. Bernthal anawatazama kama mtu aliyekuta suruali yake imevaliwa na mlevi, kisha wanamfungia kizimbani yeye pamoja na wengine. Majina ya waigizaji yakipita, anamhadaa mlinzi na kujifungulia.